Nusu ya Pili ya Siga Yako, Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeshasonya: mkwe gani huyu anayenisemesha moja kwa moja, bila mtu katikati? Nisamehe. Miaka yote nimekuheshimu kwa kukukwepa. Sasa umelala kule nyuma ya nyumba, na mimi nina neno ambalo siwezi kumtuma mtu.

Watu wa mbali nikiwasimulia wanacheka. Kwamba nimemwoa Monika wako, nimezaa naye, nimekula ugali wako wa uwele hapa Sepuka kila likizo, na sura yako sikuwahi kuiona vizuri! Nilikuwa nakohoa tangu zizini ili upate kuingia ndani. Wewe nyuma ya pazia la mlango, mimi nje kwenye jiwe, Monika katikati. "Mwambie mkwe karibu." "Mwambie mama ahsante." Na kila mtu anasikia. Mpaka siku Monika alipochoka: "Kwani mimi redio?" Akabeba ndoo akaenda kisimani. Mara nikakusikia: "We kinu, hebu mwulize mkwe, kwao Itigi mvua imenyesha?" Mama, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tangu hapo kile kinu cha pale mlangoni kikawa mjumbe wetu.

Lakini nilikuwa na jambo langu moyoni. Nilipokuja kuposa, wazee wote walikubali, wewe ukatuma neno moja tu: "Tutaona." Mimi dereva wa magari ya wawindaji kule Rungwa, mtu wa porini, nani ananijua? Sikukulaumu. Ila kila nilipokaa kwenye lile jiwe nilikuwa najiuliza kama umeshaona au bado.

Ndiyo maana nilikuletea ile siga. Mgeni mmoja mzee niliyemwendesha msimu mzima alinipa tulipoagana. Nene kuliko kidole gumba, majani matupu, haina karatasi, imesokotwa kwa mkono na kulazwa miaka kwenye sanduku la mbao. Akaniambia moshi wake haumezwi, unaonjwa mdomoni kisha unauachia. Wenzangu kambini wakataka tuivute palepale. Thubutu! Nikawaambia hii ina mwenyewe. Sepuka nzima mtu akiwa na tumbaku asiyoiamini alikuwa anakuletea wewe uipime, na wewe ya kwako uliilima kwenye zizi la zamani, ukaianika juu ya moshi wa jiko, ukaisokota mwenyewe.

Nikaiweka kwenye ungo pale kizingitini, nikarudi nyuma. Mkono wako ukatoka chini ya pazia. Huo mkono ndio niliokuwa naujua, na kidole gumba chako kilichokolea rangi ya tumbaku. Ukaichukua. Nikasikia unaibonyeza karibu na sikio, unainusa.

"Monika, mwambie mkwe hawa watu wanajua kazi. Jani la juu halina hata mshipa mmoja."

Ukakata ncha kwa wembe. Monika akakuletea kiberiti, ukamfokea: kinanuka, kitaiharibu! Ukataka kaa la moto. Baada ya muda moshi ukatoka dirishani ukanifuata nje, nami nikawa naunusa kama mtoto aliyenyimwa nyama.

"Imeanza na pilipili," ukasema. "Ngoja. Sasa karanga za kukaanga. Halafu kuna asali, ile nyeusi. Na jivu limeshikana, halidondoki. Aliyeisokota hakuwa na haraka."

Sikuweza kuvumilia. Nikasahau Monika, nikasahau kinu, nikauliza: "Kwa hiyo ni nzuri, mama?"

Ukacheka! "Monika, mumeo ana papara. Mwanzoni kila tumbaku ina adabu. Ukifika nusu ya pili ndipo unajua kilichomo. Mwambie atapata jibu."

Ukaizima ilipofika nusu. Nikarudi Rungwa bila jibu. Likizo iliyofuata nikauliza kupitia kinu: ile siga vipi? "Bado." Iliyofuata tena: "Bado." Nikamlalamikia Monika njia nzima kwamba mama yako ananifanyia makusudi. Akaniambia nyamaza, endesha gari.

Kisha ukaondoka, mama, uwele ukiwa bado haujatoa masuke. Kwenye msiba nilipasua kuni, nikachota maji, nikachimba kaburi na vijana. Walipoitwa watu kukuaga mimi sikusogea. Nilisimama nje, nyuma ya ukuta wa nyumba, nikalia huko huko, kwa sauti, sikujali.

Matanga yalipokwisha, Monika akafungua kopo lako la tumbaku. Ndani mlikuwa na ile nusu, umeifunga kwenye kipande cha kanga. Akaniletea pale jiweni. "Mama alisema hii ni ya mkwe. Amalizie."

Shemeji yangu mkubwa akaruka: "Haiwezekani! Imetoka mdomoni mwa mkwe wake!" Na alikuwa na haki. Mimi na wewe hatukuwahi kuchangia hata kikombe cha maji. Monika akamjibu kwamba mwiko ni wa mama, na mama kauvunja mwenyewe.

Mama, umenipa kitu kilichotoka mdomoni mwako. Kitu hicho mtu anampa mwanawe. Nilikaa nacho miezi, nikiogopa kukiwasha, maana kikiisha kimeisha.

Leo nimekuja. Nimekohoa tangu zizini, mazoea. Nimekaa kwenye jiwe, nikaomba kaa la moto, nikaanzia pale ulipoishia. Pilipili imerudi, mama, kali kweli. Asali imekwisha. Imekuja harufu ya udongo uliopata mvua, halafu uchungu, uchungu wa jani lenyewe, mpaka machozi. Nimevuta mpaka vidole vikaungua. Sikutaka kuiacha.

Monika kasimama mlangoni ananitazama, kashikilia pazia. Kinu kipo palepale.

We kinu, mwambie mama mkwe nimemaliza. Mwambie ni nzuri mpaka mwisho. Na mwambie jibu lake nimelipata.

Lala salama, mama.

Mimi,
mkweo, mwanao