Kelele Niliyopiga Msibani

Jumanne, 3 Juni

Mashine inakoboa mpunga tangu asubuhi. Pumba mpaka kwenye nyusi. Wateja wakipungua narudi kwenye gemu. Mimi ni daktari wa chombo kilichopotea angani, na humo ndani kuna kiumbe kinachovaa sura za watu na kusema kwa sauti zao. Nilipomuunda mhusika wangu, pointi nyingi nilizipeleka kwenye ujasiri na ufundi. Huruma niliiachia moja. Wenzangu hapa Bondeni wanacheza mpira wa kwenye simu na kunicheka. Hawajui wanachokosa. Sijawahi kukutana na mtu mwingine anayelicheza gemu hili.

Jioni simu imetoka Ngana, kijijini kwetu. Baba mdogo amefariki. Sikusikia uchungu wowote. Alikuwa mkali, alimsema kila mtu, mimi zaidi.

Alhamisi, 5 Juni

Aibu. Niandike tu.

Wanaume tulikaa nje chini ya turubai, wanawake ndani. Hakuna aliyekuwa analia, na msiba wa kwetu si wa kukaa kimya hivyo. Wajomba walikuwa wanaongelea magonjwa ya kakao. Mimi nyuma kabisa, simu ndani ya jaketi, hedifoni sikio moja. Nilianza kucheza kwenye gari nikija, na gemu hili halihifadhi ulipofika mpaka uingie chumba salama. Nilijiambia nikikifikia tu nazima. Mara gari la jeneza likaingia. Watu wakasimama, nami nikasimama, jicho kwenye kioo cha simu. Wanashusha jeneza, kiumbe kikashuka darini na sura ya nahodha wa chombo chetu.

Nilipiga yowe. Yowe la kweli. Nikaanguka chini.

Wanawake wakalipokea. Nyumba nzima kilio. Wajomba wawili wakanishika mabega. Dada Atupele, binti pekee wa marehemu, alikuja mbio akanikumbatia.

"Kumbe ulimpenda baba," akasema, huku analia begani kwangu.

Simu nilikuwa nimeikalia. Tukamzika hivyo hivyo.

Ijumaa, 6 Juni

Wamenizuia kurudi mjini. Eti nisiachwe peke yangu. Uji nimepewa kabla ya wazee.

Mama mdogo ameniita ndani, mbele ya wanawake wote. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Nilishaogopa atazikwa kama mtu asiye na watu." Akanipa koti la mume wake, lile la kanisani. Linanibana kwapani. Nimelivaa, ningefanyaje? Mimi ni mnafiki.

Jumapili, 8 Juni

Mchungaji amenitaja kwenye mahubiri. Kijana aliyeanguka kwa upendo. Watu wakageuka kunitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mchana nimefungua gemu nisahau. Kiumbe kimekaa mezani na sura ya nahodha, wenzangu wa chomboni wanakipakulia chakula, wanakiuliza hali. Nimezima. Nimejichukia.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Atupele. Tulikuwa tunapasua kakao, yeye na mimi tu. Nilitoa simu nikamwonyesha mpaka kile kiumbe. Nilitegemea atanirushia panga. Aliangalia kioo, akanirudishia simu.

"Kwa hiyo hakuna aliyemlilia baba."

"Wewe ulilia, dada."

"Nililia kwa sababu wewe ulilia. Siku tatu nilikuwa natafuta machozi siyapati."

Akaendelea kukwangua kakao kwenye ndoo. Nilifikiri nikishasema nitapata nafuu. Sijapata.

Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Mama asijue. Tangu siku ile anakula. Na arobaini uje, ukae mbele, na hilo koti ulivae."

Nikamwambia nitakuja.

Ijumaa, 13 Juni

Nimerudi Bondeni. Mpunga ni mchache, mashine imelala tangu saa nne. Gemu bado limo kwenye simu. Sijalifuta, wala sijalifungua.

Mama mdogo ametuma mkungu wa ndizi kwa bodaboda. Nimempigia kumshukuru. Sauti yake ilikuwa nzuri. Akaniuliza kama moyo umeanza kutulia.

Nikamjibu, "Bado, mama. Lakini nitazoea."

Akaniambia nisijikaze, nilie tu.