Kwa Kocha Ngoja, Kabla ya Mechi ya Saa Tisa

Lopeyok, Baba Ewoi,

Leo mwaka umetimia tangu uiname kufunga kamba ya kiatu cha mazoezi na usiinuke tena. Daktari alisema ni moyo. Chai niliyokumiminia ilikuwa bado moto watu walipojaa mlangoni.

Familia ilisema tuandike maneno machache, yasomwe hapa kiwanjani Bulla Pesa kabla mechi yako ya kumbukumbu haijaanza. Nimeyaanza tangu Jumatatu. Nimeandika, nimesimama, nimefagia, nimerudi, nimefuta. Zamani nilikucheka kwa kutotulia. Sasa ugonjwa wako umenihamia.

Wanaokumbuka mbali wanajua ulikuwa beki. Ulianza hapa hapa bila viatu, ukachukuliwa Nanyuki misimu miwili, kisha Nakuru mmoja, mpaka goti likakataa. Hukufunga bao hata moja maisha yako yote, na ulijivunia. "Bao ni kazi ya watu wa mbele," ulikuwa ukisema. "Yale niliyozuia mimi, nani amehesabu?" Ulirudi nyumbani unachechemea, na kabla mwezi haujaisha ulikuwa umekusanya vijana ishirini na mipira miwili, mmoja unavuja.

Jina la Ngoja walikupa wao. Kila straika alipowajia, wewe kwenye laini ulipiga kelele, "Ngoja! Usijitupe! Mwache yeye ndiye achoke!" Beki anayejitupa, ulisema, amemfungulia straika mlango. Lakini wewe mwenyewe, Baba Ewoi! Kungoja kulikushinda. Benchi hukuwahi kulikalia. Ulitembea laini yote, kona hadi kona, miaka na miaka, mpaka nyasi zikaisha ikabaki njia. Bado ipo. Siku hizi mbuzi wanapita hapo wakifikiri ni yao.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Ulikula umesimama. Jioni ulimfunga Nangiro, mtoto wetu mdogo, mgongoni ili mimi niende darasani kujifunza kuandika, na majirani wakakuchokoza, "Kocha, siku hizi wewe ni yaya?" Ukawajibu, "Yaya wa timu nzima, mimi!" Nikirudi nilikukuta unamfundisha mtoto wa miezi minne kusimama kati ya mpira na goli. "Anaelewa," uliniambia. "Angalia macho." Maandishi haya ni ya zile jioni ulizonipa.

Lakini tunachotaka hasa watu wakumbuke leo ni sahani.

Kila msimu ulipoanza, mabeki wako wawili wa kati walikuja kula kwetu, sahani moja. Si kila mtu na yake. Moja. Ulisema mtu hawezi kumfunika mwenzake uwanjani kama hajui anakula haraka au pole pole. Mara ya kwanza walikuwa Lodio, Mturkana mwenzetu, na Waqo, Mborana, mtoto wa Mzee Dabasso wa hapo nyuma. Ndugu yako Emuron alichinja mbuzi. Waqo akanawa, akakaa, akauliza, "Kocha, nani amechinja?"

"Ndugu yangu mwenyewe!" ukasema kwa furaha.

Waqo akapangusa mikono. "Nimeshiba, kocha." Akanywa chai tu.

Umezaliwa Isiolo, umekua na Waislamu, na siku ile furaha ilikusahaulisha kitu ambacho kila mtu hapa anakijua: kwamba Mwislamu hali nyama ambayo hakuichinja Mwislamu. Uliona aibu mpaka ukakataa kula na wewe. Kesho yake ulienda kwa Mzee Dabasso, ukasema, "Mzee, nimekosa." Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kijana, straika unajua kumkaba, lakini mgeni hujui kumkaribisha! Siku ingine niite."

Ukamwita. Miaka sita alikuja na kisu chake kwenye kitambaa, salaam aleikum moja, kisha, "Mbuzi iko wapi?"

Sasa nikwambie ya mwaka huu, maana sijui huko habari zinakufikia vipi. Mwezi wa nne ngamia kumi na mmoja wa Mzee Dabasso walichukuliwa malishoni. Watu wakasema ni watu wetu, Waturkana. Ni nani hasa, hakuna aliyetaja. Waqo akaacha kuja mazoezi. Lodio akakasirika mbele ya timu yote: "Mimi sijaiba ngamia ya mtu. Siendi kubembeleza mtu." Mechi tatu, mabao tisa, Baba Ewoi. Pale katikati pamekuwa wazi kama geti la sokoni. Na wengine wakaanza kusema timu igawanywe, kila jamii ichukue vijana wake. Wakapanga wakate maneno leo, baada ya mechi hii.

Jumanne nilimbeba Nangiro nikaenda kwa Mzee Dabasso. Nilimkuta anasuka kamba. Nikamwambia Jumamosi ni mwaka mmoja wa Kocha, na mbuzi tunaye. Akasuka, akasuka.

"Nimesikia, Mama Ewoi," akasema.

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Siku zile nimekaa nazo kama mtu aliyekalia siafu. Nilipika nikasahau chumvi, nikapika tena nikatia mara mbili. Jana Emuron akaniambia, "Kesho tuchinje mapema, sisi wenyewe. Atakayekula, ale."

"Ngoja," nikamwambia.

"Ningoje nini?"

"Ngoja tu."

Akanitazama. "Eh, shemeji! Hata wewe sasa umekuwa kocha?"

Leo asubuhi saa moja hakuna mtu. Saa moja na nusu hakuna mtu. Saa mbili Emuron akachukua kisu bila kuniuliza, na mimi nikafungua mdomo nimwambie haya, chinja, yaishe. Nakwambia ukweli, mume wangu, nilikaribia kujitupa.

Ndipo nikasikia huko nje, "Salaam aleikum. Mbuzi iko wapi?"

Mzee Dabasso alichinja, akaosha kisu, akakifunga kwenye kitambaa chake. Nikamletea chai. Hakuichukua. "Ngamia hazijarudi, Mama Ewoi," akasema. "Lakini huyu mume wako alikuja kwangu kuomba msamaha kwa sababu ya nyama tu. Hao wa ngamia, mpaka leo hakuna amekuja." Akaenda zake.

Saa sita Waqo akafika, jezi iko ndani ya mfuko. Hakumsalimia Lodio, na Lodio hakuinua macho. Niliweka sahani katikati yao, nikasimama pale na jagi la maji hata kama hakuna aliyetaka maji. Walikula, mimi nikisikia wanavyotafuna.

Kisha Waqo akasema, "Mifupa yote umesukuma upande yangu."

"Si wewe unakula kama bibi harusi," Lodio akamjibu. "Nikungoje mpaka lini?"

"Na wewe bado unakula kama mtu anafukuzwa."

Mama yako ndiye aliyecheka wa kwanza.

Hawajapatana. Nisije nikadanganya mbele ya watu wote hawa. Hawakushikana mikono, na walikuja kiwanjani kila mmoja na njia yake. Lakini sahani ilirudi jikoni haina kitu.

Namalizia haya kiwanjani, karatasi iko juu ya paja. Wapinzani wetu wa leo, timu ya Rapsu, wamefika na gunia la vitunguu, wanasema ni la mama watoto wa Kocha. Vijana wako wamejipanga. Nambari nne ni Waqo, nambari tano ni Lodio, na kati yao pana nafasi ya hatua tatu, ile uliyowapimia kwa miguu yako. Wanaotaka kugawanya timu wako pale upande wa pili, nawaona. Kwanza watazame mechi. Wangoje.

Wameniwekea kiti kizuri chini ya turubai. Nimeshindwa kukikalia. Niko kwenye ile njia yako, Nangiro mgongoni.

Tunaokukumbuka ni mama yako Akai, ndugu yako Emuron, watoto wako Ewoi na Nangiro, mimi mke wako Jennifer, na vijana wako wote wa Bulla Pesa, wa kila jamii. Mzee Dabasso hakuniambia nimwandike. Nimemwandika.

Hatutakusahau, Ngoja, leo wala siku yoyote ijayo.

Refa, sasa piga filimbi.