Jina la Kwanza ni Lazima

Jumatatu, 3 Machi

Tak! Kitufe kirefu cha kibodi ya Otso, mwenzangu wa kazi. Alikuwa akikigonga kwa dole gumba kama anayeua mbu. Amehamia mji wa Oulu tangu Januari, mezani kwake pamewekwa mmea, na bado naisikia sauti hiyo.

Wateja wamelalamika. Tovuti yetu ya kukodisha vijumba vya ziwani vyenye sauna, bafu la mvuke, inapokea majina mawili tu ya wageni. La tatu linatupwa kimyakimya — mtoto hana kitanda! Fanksheni hiyo, kipande cha programu kinachopokea majina, tuliiandika mimi na Otso. Wageni wawili. Hatukuwaza wengine.

Jumatano, 5 Machi

Nimeibadilisha. Sasa inapokea majina yoyote yatakayokuja, inayakusanya kwenye orodha moja. Watano, sawa. Tisa, sawa. Kisha Marketta, bosi wetu, akaijaribu bila jina hata moja — ikakubali! Kijumba kimechukuliwa, mtu hakuna.

"We Iiris," akacheka, "sauna tunawawashia panya?"

Nimerekebisha: jina la kwanza ni lazima, mengine yawepo yasiwepo. Nikajaribu kwa jina langu peke yake. Ikapita vizuri mno. Nikabaki naitazama skrini. Iiris. Basi.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Nilijaribu tena: Iiris, Otso. Nilidhani niko kwenye seva ya majaribio. Kumbe tovuti yenyewe! Kijumba kimechukuliwa kwa Ijumaa ya wiki ijayo, na barua pepe imekwenda kwa kila mgeni. Kila mgeni — niliandika hivyo mwenyewe! Anwani ya Otso sikuwahi kuiondoa kwenye mfumo.

Marketta ameiona kabla ya kahawa. Kasema nifute, kisha akanisogezea mkate wa iliki. "Au nikufutie? Naona mkono mzito leo."

Nikasema nitafuta mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Sijafuta. Otso kaandika asubuhi, mstari mmoja: hili ni jaribio, au nilete taulo?

Taulo! Miezi miwili kimya, halafu taulo. Nimeandika aya tatu, nimezifuta zote. Ningeweza kusema ni kosa. Na kweli ni kosa.

Marketta kapita nyuma yangu. Kuna familia inakitaka kile kijumba, akauliza, mbona bado kinaonekana kimechukuliwa?

Kimechukuliwa, nikasema.

"Na nani?"

Na mimi. Mgeni wa pili hajathibitisha.

Akanitazama, akaenda zake. Otso nilikuwa nimeshamjibu: lete. Bado hajaisoma barua yangu.