Mpunga Uliopukutishwa Mbichi

Hotelini, 28 Agosti

Mwanangu Lorna,

Salamu nyingi zikufikie huko Minneapolis unakosomea uuguzi. U mzima? Mafua yalikwisha? Mimi baba yako mdogo ni mzima kama jiwe la mtoni, ila goti la kushoto hunung'unika mvua ikikaribia. Mama yako hajambo. Baba yako naye hajambo, kwa mwili.

Kasino yetu ina mashine zake arobaini na hoteli vyumba vyake ishirini na viwili, na vyote, usimwambie meneja, vinasimama kwa sababu yangu. Juzi bomba la chumba cha tisa lilipasuka, nikaliziba kwa kidole gumba saa tatu nzima, huku mkono wa pili unanilisha mkate wa kukaanga. Waulize. Wakikataa, ni wivu.

Sasa habari yenyewe. Mpunga wa ziwani mwaka huu ulisimama vizuri sana. Lakini kabla wazee hawajatia tumbaku ya sadaka majini na kulifungua ziwa kwa mavuno, mtu aliingia ghuba ya kusini akaupukutisha ungali mbichi. Mabua yamelala kama nywele za mlevi. Mama Geraldine, mkuu wa walinzi wa mpunga, alikuta punje za kijani ndani ya mtumbwi wa baba yako. Akamwuliza mbele ya watu, pale ukumbini tunaponywea kahawa, tangu lini kaka Duane amekuwa na njaa ya bata, asiyengoja mpunga ukomae. Baba yako alitazama kikombe chake tu. Wakamfungia asivune msimu mzima, yeye ambaye hajakosa ziwa tangu akiwa na miaka saba.

Lorna, ni mimi.

Mgeni mmoja alinikuta nabadilisha balbu, akaniuliza kama sisi wenyeji wa asili wa siku hizi tunajua lolote zaidi ya mashine za kamari. Aliuliza kwa upole, ndiyo maana iliniuma. Nikamwambia mpukutishaji kama mimi hakuna kutoka hapa hadi Kanada. Asubuhi nikauazima mtumbwi wa baba yako, nikampakia mgeni, nikayapiga mabua fimbo mbili tatu kumwonyesha punje zinavyoangushwa mtumbwini. Akapiga makofi. Mpunga mbichi hauanguki, unavunjika. Niliusikia ukivunjika, nikaendelea.

Baba yako alijua, maana mtumbwi aliniazima mwenyewe. Siku tisa hakunitaja, na kila asubuhi alinimiminia kahawa.

Leo nimesimama ukumbini nikasema yote. Mara ya kwanza maishani nasimulia bila chumvi, na hawakuniamini! Mama Geraldine alisema, we Vernon, hata aibu ya mwenzio unataka iwe yako? Watu wakacheka. Nikaapa, wakazidi kucheka. Ndipo baba yako akaweka kikombe chini, akasema mwacheni, leo hajaongeza hata punje.

Kicheko kikakatika. Yeye wamemfungulia, mimi wamenifungia misimu miwili. Ni haki.

Sasa ana mtumbwi lakini hana mpukutishaji, kwa kuwa miaka yote yeye husukuma mtumbwi, na aliyekaa mbele yake akipukutisha ni mimi. Ziwa linafunguliwa Jumamosi. Kwenye kifurushi hiki zimo fimbo zangu za mwerezi, alizochonga babu yako. Omba ruhusa, uje. Usipige kwa nguvu. Uliokomaa utaanguka wenyewe.

Nisalimie wenzio wote wa bwenini, na usiache kula.

Baba yako mdogo,
Vernon