Nilikata king'amuzi, wifi akakata mguu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanilaumu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliopita, saa moja na nusu jioni, nilipoteza chaneli mia moja na arobaini na wifi mmoja. Chaneli sizililii. Wifi ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi ni mfyatuaji wa matofali ya saruji. Sikurithi kiwanja wala mashine, nilianza na kalibu moja ya mbao na beleshi la kuazima, binti yangu mgongoni, na leo nina mashine, wafanyakazi wanne, na nyumba tunayokaa kuta zake nilizifyatua mwenyewe, nikazimwagilia maji mwenyewe asubuhi na jioni mpaka zikakomaa, na hili silitaji kwa majivuno, nalitaja ujue unaongea na mtu ambaye kitu hakikumwangukia kutoka juu. Mume wangu ni dereva wa gari la kusambaza mikate, mtu mpole, anapendwa na kila mwenye duka, na ubaya wake ni mmoja tu: hajui kusema hapana, na kwa dada yake ndiyo kabisa.

Mwaka huu saruji imepanda mara mbili. Wajenzi wamesimama, ukipita mitaani unaona kuta za kufika kiunoni zimeota majani, na mwenye kuta zilizoota majani hanunui tofali, kwa hiyo nikaketi nikapanga matumizi, na mimi kila kitu nakigeuza matofali ndipo nakielewa: ada ya binti ni matofali kadhaa, umeme ni kadhaa, na kifurushi cha televisheni kikanijia matofali tisini kila mwezi, yaani mifuko mitatu ya saruji inayeyuka sebuleni, na mimi mlipaji sikuwa najua hata tamthilia moja inahusu nini. Nikamwambia mume wangu, "Hii tunaikata." Akasema, "Fanya unavyoona." Nikafanya nilivyoona.

Sasa nikueleze huyu wifi. Ni dada mkubwa wa mume wangu, ndiye aliyemlea, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Mimi na binti yangu tumempa jina la siri, Mkurugenzi, kwa sababu kwa miaka minne kila jioni aliingia, akavua viatu, akakaa kwenye kiti changu, kile cha karibu na dirisha, akachukua rimoti, na rimoti haikutoka mkononi mwake mpaka saa nne. Akitaka chai hasemi nataka chai, anasema, "Leo koo limekauka, sijui ni hali ya hewa." Mimi naingia kutoka kazini na saruji mpaka kwenye kope, nasema tu habari za hapa, najibiwa, "Shii! Wifi, ndiyo anataka kumwambia ukweli!" Naambiwa shii ndani ya kuta zangu! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa kwangu alipewa rimoti. Na si kwamba kwake televisheni hakuna. Ipo, kubwa kuliko yangu, na tamthilia ile ile inarudiwa bure siku ya pili yake, na mumewe ni mlinzi, anatoka jioni anarudi asubuhi, watoto wao wamekua wameondoka, nyumba nzima ni yake, rimoti ni yake, hana wa kubishana naye. Kwangu alikuwa anafuata nini?

Jumatatu ile sikumwambia kitu. Akaingia, akakaa, akabonyeza. Kioo kikawa buluu tupu, na maandishi ya kudai malipo.

"Wifi, mbona imekatika?"

"Kifurushi kimeisha."

"Si mlipie, inaanza sasa hivi."

"Hatulipii tena, wifi. Tumeacha."

"Mmeacha? Televisheni mnaiacha kama mtu anavyoacha sigara?"

"Ndivyo hivyo."

Akamgeukia mdogo wake. "We, mkeo anasema kweli?"

Mume wangu akasema, "Dada, saruji imepanda."

"Mimi nimeuliza saruji?"

Binti yangu akakimbilia jikoni kucheka. Wifi akaendelea kukaa, anatazama ile buluu, akanywa chai yake yote, halafu akasema taratibu, "Sasa mimi nitakuwa nakuja hapa kufanya nini?" Na mimi nikamjibu, "Hata mimi, wifi, miaka minne najiuliza hilo hilo."

Ulikuwa utani. Basi, nusu utani. Akavaa viatu, akaweka rimoti mezani kwa adabu kama mtu anayerudisha funguo za ofisi, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu.

Mshauri, niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayenijua: nimepata nafuu kama mtu aliyevua viatu vya kubana. Nikirudi naweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, kwenye kiti changu, na hakuna anayeniambia niinamishe kichwa namziba. Sukari ya wiki moja sasa inakwenda mwezi. Mume wangu amekaza bawaba ya mlango iliyokuwa ikilia tangu mwaka juzi, anasema hakuwahi kuisikia. Tukimaliza kula tunacheza karata, anaiba waziwazi, tunagombana, tunacheka, saa tatu nimelala. Ile mifuko mitatu ya mwezi wa kwanza niliifyatua nikaiuza, pesa nimeishika mkononi. Nilidhani yamekwisha.

Wiki iliyopita mume wangu akarudi ana furaha ya kupita kiasi, nikajua kuna jambo. "Dada ameongea na ndugu," akasema. "Wamechanga. Wanalipia mwaka mzima, na dishi jipya juu. Fundi anakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Dada anasema sisi tutoe ukuta tu."

"Tutoe ukuta tu?"

"Si bure, mama? Wewe si ulikuwa unalalamikia gharama? Gharama imeondoka."

"Wamechanga wangapi?"

"Wanne."

Ndugu zake, ukimtoa yeye, ni watatu, na huyo wifi yumo ndani ya hao watatu. Nikamuuliza wa nne ni nani. Akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo ndiyo kwanza alikuwa anavivua.

Yaani mimi naziba tundu huku, mwenzangu analitoboa kule, na kwa pesa ile ile tuliyoiokoa! Nilipomwambia basi nenda ukawaambie hatutaki, akasema, "Wakatalie wewe, mimi siwezi." Nikikataa, ukoo mzima utasema mfyatua matofali kapata vijisenti kasahau ndugu. Nikikubali, kiti changu kimekwenda, jioni zangu zimekwenda, sukari imekwenda, na hayo hakuna aliyeyachangia. Na kuna hili dogo linanikera: juzi nilikutana na wifi dukani, akanisalimu vizuri, akaniuliza hali ya kazi, lakini hakuniangalia usoni. Bora angenitukana, kutukanana ningejua pa kuanzia.

Usiniambie nivumilie, kuvumilia nakujua kuliko wewe. Niambie moja: nikubali au nikatae?

Mfyatua Matofali

*

Mfyatua Matofali,

Kataa.

Umetaka neno moja, hilo hapo. Sasa tulia nikueleze, kwa sababu una haki kwenye jambo moja, huna kwenye jingine, na umeyakoroga pamoja mpaka wewe mwenyewe huyatofautishi.

Kukata kifurushi ulifanya vyema. Nyumba ambayo kazi imepungua haiendelei kulipia burudani ambayo mlipaji haioni. Na hiyo nafuu usiionee haya. Mtu aliyeshinda na beleshi tangu alfajiri anastahili kiti chake, maji yake ya moto na usingizi wake wa saa tatu. Hukuiba jioni ya mtu, umerudishiwa ya kwako.

Lakini eti "nusu utani". Ile nusu nyingine ilikuwa nini, dada? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Unataka niamini kwamba wifi aliondoka kwa sababu ya king'amuzi, na barua yako mwenyewe inakukana: alikaa mbele ya kioo cha buluu akamaliza chai yote. King'amuzi hakikumwinua. Aliuliza swali ambalo mtu huuliza akitaka kuambiwa, "Njoo tu, wifi, kwani televisheni ni nini?" Wewe ukamhesabia miaka.

Na hesabu unazojivunia, moja imekupita. Umeniandikia, kwa mkono wako, kwamba huyu mwanamke ana televisheni kubwa kuliko yako, tamthilia anaipata bure, mumewe yuko lindoni mpaka asubuhi, watoto wameondoka, hana wa kubishana naye. Halafu unaniuliza kwako alikuwa anafuata nini! Alikuwa anafuata mtu wa kumwambia shii.

Sisemi ni malaika. Kukalia kiti cha mwenye nyumba na rimoti mpaka saa nne ni ufidhuli, tena mkubwa. Ila wewe ndiye uliyeulea. Miaka minne hukuwahi kumwambia, "Wifi, hicho ni kiti changu, sogea pale." Mwanamke anayebishana na madereva wa malori ya mchanga kutwa nzima alishindwa kusema hivyo sebuleni kwake? Ukasubiri saruji ipande ndipo ikusemee. Matokeo yake ndiyo haya, mtu anadhani amefukuzwa kwa sababu ya bei ya kifurushi, kwa hiyo anachangisha ukoo mzima alipe, arudi. Hebu fikiria imemgharimu nini kuwapigia ndugu zake kuwaomba pesa za kuingilia nyumbani kwa mdogo wake. Ndiyo maana hakukuangalia usoni.

Sasa fanya hivi. Kesho ukifunga kazi, oga, uende kwake wewe, peke yako, saa ile ile aliyokuwa anakuja kwako. Mwombe radhi kwa lile jibu, na kwa lile tu. Kwa king'amuzi usiombe radhi, hukukosea. Usianze kumweleza bei ya saruji. Akikununia, kaa, unywe chai yake. Akiwasha tamthilia na ukaambiwa shii, nyamaza, hapo uko kwake. Kabla hujaondoka mwambie siku mbili za wiki unazotaka aje kwako, na umwambie na saa ya kuondoka pia, kwa mdomo, akiwa anakutazama. Akija, karata zipo, na kama mumeo anaiba kama unavyosema, nyumba yenu inahitaji shahidi. Kiti chako usikiondokee. Mtu mzima haachi kuja kwa sababu ya kiti, ila anaacha kuja kwa sababu ya neno.

Dishi, kama ndugu wameshachanga na pesa imeshalipwa, lipande juu ya paa la wifi. Televisheni kubwa iko kule, nafasi iko kule, na ukuta upo. Atakayetaka kutazama atapiga hodi kwa dada yao, nyumba itapata watu, na sukari itatoka kwenye kopo la mwenyeji anayewataka. Huyo fundi ni wa kumwelekeza mtaa wa pili, basi. Na binti yako mkanye hilo jina la Mkurugenzi, siku moja litawatoka mdomoni mkiwa mezani, na hapo hata mimi sitakuwa na dawa.

Lililobaki si lako. Nani awaambie hao ndugu kwamba dishi haliji kwenu? Usipige simu. Usitume ujumbe. Ukiwakatalia wewe, utakuwa mke mwenye roho ngumu mpaka wajukuu wakusimulie. Akiwakatalia yeye, itakuwa ni mazungumzo ya ndugu, yatapita kama yanavyopita ya ndugu.

Kwa hiyo nigeukie kwako, bwana wa mikate. Najua utalisoma gazeti hili kabla ya mkeo, maana unapita kila duka linapouzwa. Uliposhauriwa kuhusu kukata ulisema "fanya unavyoona," akaona, akafanya. Kisha ukaenda kuchangia kuunganisha, kimya kimya, kutoka kwenye mfuko ambao mkeo anaujaza kwa mgongo wake. Na sasa unataka yeye ndiye akabebe lawama ya kukataa. Upole huo, ndugu yangu, unamgharimu mwenzako. Hapana ni neno la kiume kama mengine, halivunji udugu. Dada yako alikulea, ndiyo, na kwa hilo mheshimu kwa kumwambia kweli, usimheshimu kwa kumwachia mkeo amkatalie.

Sitaki kusikia "tutaona", sitaki "dada ndivyo alivyo", na viatu viache vilivyo. Utampigia dada yako simu wewe mwenyewe, mkeo akiwa ameketi hapo anasikia, umwambie kwamba dishi ni la kwake na kwenu haliwekwi: ndiyo au hapana? Mjibu mkeo kwa mdomo wako, kabla ya Ijumaa hii saa mbili usiku.