Besi Iliyopotea kwenye Kaseti

Jumatatu, 8 Julai 1996

Kaseti ya kwaya imefika! Miezi minne tumengoja. Jalada linang'aa, sisi wote tumepangwa kwenye ngazi za kanisa kama soda ndani ya kreti, na mbele kabisa mwalimu wetu Nyabuto, mikono juu, utadhani yeye ndiye aliyeumba sauti zote nne.

Baada ya mazoezi akaiweka kwenye redio yake. Soprano zipo, zinapiga mayowe kama kawaida. Alto zipo, mke wangu Phanice namsikia kabisa. Tenor zipo. Besi? Hakuna besi! Nilisogeza sikio mpaka likagusa spika. Nikasikia kitu kama mtu anayesukuma kabati nyumba ya tatu. Basi.

Na besi katika kwaya hii ni wanaume wawili tu. Mimi na Maroa. Nikauliza mbele ya watu: besi yetu iko wapi? Nyabuto akajikuna shingo. Eti redio yake ni ndogo, haibebi sauti nzito. "Brother Bichage, wewe tafuta earphone nzuri. Zile za kuingia ndani ya sikio. Utaisikia tu."

Mimi ni fundi wa saa. Miaka kumi na tisa nasikiliza saa za watu wa Migori — najua inayochelewa hata kabla sijaifungua. Leo mwalimu wa darasa la tatu ananifundisha kusikia!

Sawa. Nitazinunua. Uzinduzi wa kaseti ni Homa Bay, Jumapili tarehe 21. Kabla ya hapo kamati nzima itaisikia besi yangu, mmoja mmoja, ndani ya masikio yao.

Jumanne, 9 Julai

Wokmeni, ile mashine ndogo ya kaseti ya mfukoni, ninayo. Mteja aliileta niitengeneze akasahau kurudi. Kilichobaki ni earphone.

Nimeenda kwa Mulki, yule mama wa Garissa mwenye duka la masanduku, tochi na marashi karibu na stendi. Earphone zinaning'inia ukutani kama kamba za viatu. Nikamwambia: nataka besi nzito na sauti safi, vyote viwili. Akasema, "Kila mtu anataka vyote viwili, fundi."

Za kwanza zilikuwa kwenye boksi jekundu lenye picha ya simba, limeandikwa SUPER BASS mara tatu. Besi ipo kweli — meno yalitikisika! Lakini maneno? Kwaya nzima inaimba ndani ya pipa, na pipa limefunikwa blanketi. "Neema" na "nyama" huwezi kutofautisha.

Za pili, sauti safi. Safi mno! Nilisikia mpaka Nyabuto akifungua karatasi yake. Besi ikawa mbu ndani ya kopo.

Mulki alipangusa hizo earphone kwa kitambaa, akaniangalia. "Fundi, sasa wewe unataka kusikia wimbo, ama unataka kusikia wewe?"

Nikamwambia hiyo ni kitu moja. Akacheka mpaka akashika kaunta. Sijui alichoona cha kuchekesha.

Jumatano, 10 Julai

Sijanunua. Masikio yananiuma.

Phanice anasema redio ya Nyabuto haina shida. Eti wiki jana iliwekwa kaseti ya kwaya moja ya Oyugis, na besi ilisikika mpaka nje. Nikamuuliza: wewe ni fundi wa redio? Akaendelea kuchambua mboga.

Alhamisi, 11 Julai

Tena kwa Mulki. Leo za tatu — upande wa kushoto umekufa. Za nne — upande wa kulia unanong'ona, wa kushoto unapiga kelele, kama mkutano wa wazazi.

Halafu akanionyesha jambo ambalo, nakiri, sikulijua. Kale kampira ka mbele lazima kazibe shimo la sikio kabisa. Ukivaa legelege, besi yote inavuja nje, unabaki na makelele. Akatafuta kampira kakubwa zaidi, hakakutosha. "Masikio yako ni makubwa, fundi. Hapa sina saizi yako. Enda Homa Bay kwa shemeji yangu Abdullah, ako na zile za Dubai."

Masikio makubwa! Nimechukulia ni sifa.

Jumamosi, 13 Julai

Nimezipata!!

Duka la Abdullah liko nyuma ya soko, Homa Bay, mahali harufu ya samaki inaingia bila kubisha. Mzee mtulivu, ndevu nyekundu za hina. Hana boksi la simba. Alitoa earphone nyeusi, hazina maandishi yoyote, na kibati chenye vipira vya saizi tatu. Akanipima kama fundi wa nguo anavyopima shingo.

"Anza na wimbo usiokuhusu," akasema. "Ukianza na wako hutasikia earphone, utasikia roho yako."

Akaniwekea kanda ya harusi ya watu wao. Jamani! Ngoma inapiga kifuani, na juu yake kila neno limesimama peke yake, limenyooka, kama limeoshwa. Kisomali sijui hata neno moja, lakini ningeweza kukiandika.

Ndipo nikaweka ya kwetu. Wimbo wa kwanza. Nikafumba macho. Na chini kabisa, ndani kabisa, besi ikaja!

Ubeti wa pili ikaanza kuzama.

Sitanii. Sauti moja nzito inashuka chini ya wimbo, polepole, kama ng'ombe aliyekanyaga tope njia ya Ogwedhi. Na haipandi tena. Wenzake wako juu, yeye yuko huko chini anajivuta kwa furaha. Mpaka mwisho!

"Maroa!" nikasema kwa nguvu. Wateja wakageuka. Nikamweleza Abdullah: ni mwenzangu wa besi, ndiye anayeniharibia. Akaomba asikilize. Alisikiliza ubeti mzima macho amefumba, kisha akachomoa earphone na kuzikunja vizuri.

"Huyu mwenzako mmezaliwa nyumba moja? Sauti zenu zinafanana."

Mimi Mkisii, Maroa Mkuria wa Kehancha! Mzee anajua earphone, watu hajui.

Nimenunua. Bei siandiki hapa, Phanice anajua mahali daftari hili linakaa.

Jumatano, 17 Julai

Kamati imekaa leo alasiri, ofisi ya kanisa. Nilibeba wokmeni kama wakili anavyobeba kitabu cha sheria. Nyabuto alipoona tu akasema, "Brother, tuache hivyo hivyo. Kaseti imeshatoka." Nikajua: anaogopa ukweli. Nikasema hapana, jina langu liko kwenye jalada.

Earphone zikazunguka. Wazee wa kamati ni wazito wa kusikia hata mahubiri, lakini hizi — aa! Kila mmoja alifika ubeti wa pili akakunja uso kama amekula ndimu. Mama mwenyekiti aliruka kidogo kwenye kiti. "Yesu! Ni nani huyo?"

Nikawaambia ni nani.

Maroa alikuwa ameketi kando ya mlango, kofia juu ya magoti, vumbi la unga bado kwenye nyusi. Anaendesha kinu cha posho pale barabara ya Isebania, alitoka kazini moja kwa moja. Miaka minane yuko kwenye kwaya. Alisimama akasema, "Kama nimeharibu, mnisamehe. Mimi sikujua." Hakubisha. Hakuuliza hata wimbo gani. Na nagundua sasa ninavyoandika: earphone zilizunguka kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Uamuzi: Maroa apumzike. Homa Bay hataimba. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa amejiandaa kuja kumwona. Mama mwenyekiti akamwambia mama anakaribishwa kukaa na wageni.

Nyabuto alinishika mkono nje. "Bichage, una hakika?" Nikamwambia masikio yangu hayadanganyi. Akaniachia mkono, akaenda zake. Huyo ndiye kiongozi wetu.

Nimekula sahani mbili leo.

Ijumaa, 19 Julai

Nataka kuandika hili haraka.

Phanice alikuwa anapiga pasi kanzu za kwaya. Hakuwa kwenye kamati, leo sokoni ndiyo amesikia habari ya Maroa. Alikuwa amerudi na uso ule. Akaongeza makaa kwenye pasi, halafu:

"Baba Moraa, Maroa alikosea wimbo gani?"

"Wa kwanza."

Akasimamisha pasi. "Wa kwanza tulirekodi asubuhi. Asubuhi ile Maroa alikuwa amempeleka mama yake hospitali. Alifika studio saa nane, tukiwa wimbo wa tano."

Mimi nikiimba hufumba macho, sikumbuki nani alikuwa kando yangu. Nikasema labda anachanganya siku. Akasema hachanganyi, ndiye aliyemwekea Maroa chai. Kisha akauliza, polepole, vile anavyowauliza watoto: "Asubuhi besi alikuwa nani?"

Kanzu ilianza kunuka kuungua. Hakuna aliyeiondoa.

Nilienda nyuma ya nyumba na wokmeni. Nimesikiliza mara sita. Earphone ni nzuri sana. Hakuna kitu kimefichwa. Anavuta pumzi mahali ninapovuta mimi. Anamalizia neno kwa kulikokota, na nilikuwa najivunia huko kukokota, niliona ni mtindo. Anazama kwa furaha. Ni mimi.

Nilirudi ndani. "Nani mwingine anajua?"

"Kwaya yote."

Yote! Nyabuto ndiye aliyemwomba fundi wa studio ashushe besi. Eti nisiaibike. Miaka mingapi wamekuwa wakiimba juu yangu kama watu wanaoruka dimbwi, wanarudi nyumbani bila kusema?

"Na wewe hukuniambia?"

"Nikuambie nini," akasema, "na wewe unajua kila kitu?"

Na huyo Nyabuto, bingwa wa huruma! Alikaa kwenye kamati akijua, mtu anaondolewa bure, akaangalia dari. Mwoga mkubwa. Nimeandika hivyo nikaona kalamu inanigeukia.

Jumamosi, 20 Julai

Asubuhi nilitoa koleo. Fundi wa saa anajua kukata waya ndani ya mpira bila kuacha alama. Earphone zikifa, ushahidi umekufa. Nilishika waya hivi.

Sikukata. Si kwa wema. Nilikumbuka bei.

Badala yake nikaenda kwa Maroa nimwambie. Kinu kilikuwa kinanguruma, akina mama wamepanga foleni na debe zao. Nikaanza: "Maroa, ile besi—" Akaweka kiganja sikioni. Nikapaza sauti: "Ile besi—" Foleni yote ikageuka kunitazama. Nikapaza tena: "Kesho ukuje tu! Ukae na sisi kwa gari!"

Alizima kinu ili aje anishukuru. Alizima kinu! Akanishika mikono miwili. "Asante, brother. Nilidhani umenikasirikia."

Nilirudi nyumbani na unga kwenye mikono. Phanice aliuona, akajua nimetoka wapi, akadhani nimesema. Akaniwekea maji ya moto ya kuoga. Nikaoga.

Jumapili, 21 Julai. Homa Bay, saa tano kasorobo

Nimebeba daftari. Sijawahi kulitoa nje ya nyumba. Tuko nyuma ya kanisa, chini ya ukuta, tunangoja kuitwa. Watu wamejaa mpaka madirishani. Kanzu yangu ndiyo ile yenye alama ya pasi begani. Phanice hakuificha. Asubuhi aliniuliza, "Maroa alisema nini ulipomwambia?" Nikasema alinishukuru. Hiyo ni kweli, neno kwa neno.

Mama yake Maroa yuko kiti cha pili, kitambaa kipya cha kijani. Amekuja na fimbo. Nimemsalimia. Akaniuliza kwa nini mtoto wake hajavaa kanzu. Nikasema mwalimu anajua.

Nyabuto anapita kila sauti akitoa noti ya kuanzia. Soprano, tayari. Alto, tayari. Alinifikia mimi, besi nzima mtu mmoja, akasema kwa sauti ya chini, "Leo imba pole pole, brother. Pole pole kabisa." Hiyo pole pole nimeisikia miaka yote. Leo ndiyo nimeielewa.

Kuna dakika kumi bado. Ningeweza kwenda kwa Maroa nimwambie. Ningeweza kwenda kwa mama mwenyekiti, yuko pale anapanga maua.

Maroa anakuja.

Amevaa shati jeupe, suruali ya kwaya, hana kanzu. Amechuchumaa hapa karibu nami. Anasema: "Brother Bichage, umebeba ile wokmeni? Nisikize mahali nilikosea. Nataka kujifunza, nisirudie."

Nimempa. Ningemwambia nini? Hata nimemsaidia kuchagua kampira, yeye anavaa kadogo. Nimemwambia kazibe vizuri, la sivyo besi inavuja. Nimebonyeza mwenyewe.

Naandika ili nisimtazame.

Ubeti wa kwanza umekwisha, najua urefu wake. Anatingisha kichwa, anafuata mdundo. Anasema kwa nguvu, kama watu wenye earphone wanavyosema, "Kumbe ni huu wa kwanza?" Phanice amegeuka kule kwa alto. Anatuangalia.

Kichwa kimeacha kutingishika.

Hajachomoa. Anasikiliza. Ameweka kidole kimoja juu ya kampira, anakasukuma ndani zaidi. Sasa ananitazama mimi, si uso, koo. Anatazama koo langu, mahali sauti hiyo inatoka.

Nyabuto ametokea mlangoni, amepiga makofi mawili. "Besi!" anaita. "Besi, ndani!"

Tumeinuka wote wawili.