Baba Yetu Jenerali Amezikwa

Wetherill Falls, Ohio
Aprili 2, 1884

Kaka yangu mpendwa Lemuel,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na wifi yangu Inga na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Oregon, na kwamba kile kikohozi ulichoniandikia mwezi wa Januari kimekuachia. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto hunisumbua baridi ikizidi, na mwaka huu imezidi. Theluji bado imelala nyuma ya banda la farasi. Nimefurahi kusikia kwamba miti yako ya matufaha haikufa kwa barafu kama ulivyoogopa.

Huenda magazeti ya huko yamekwisha kukuambia. Baba yetu Jenerali amezikwa. Alifariki tarehe sita Machi, saa nne asubuhi, kwa kichomi. Alifia kwenye kiti chake, kwa sababu daktari alipomtaka alale alisema yeye si mwanamke aliyejifungua. Sikukupigia telegramu. Hakukuita, kaka, na sikutaka usafiri nchi nzima kuja kumzika mtu ambaye hata kwenye homa yake hakulitaja jina lako. Aliwataja farasi wawili na maseneta watatu.

Mimi sikulia. Aliyelia ni Hepzibah mpishi, na nadhani alilia kwa uchovu, maana katika wiki ile ya mwisho Baba alimrudishia supu jikoni mara kumi na moja.

Wewe uliondoka ukiwa kijana, ukamjua Jenerali wa kambini. Aliyerudi nyumbani baada ya vita hukumjua, na watu wa mji huu hawakumjua, kwa hiyo acha nikueleze. Aliifanya nyumba kuwa kambi. Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, kiangazi na kipupwe. Alipita kila chumba akipitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, na akilipata alilipangusa begani kwa Mama, bila kusema neno. Mezani tulisimama nyuma ya viti mpaka yeye aketi, hata Mama, hata mwaka ule wa mwisho alipokuwa akijishikilia kwenye kiti asianguke.

Jumapili moja alikuwa na wageni, jaji na mkewe, naye anamkata bata mzinga. Akaanza kusimulia habari za Amos Tuttle, askari wa Indiana aliyekutwa amesinzia zamuni, akaamriwa apigwe risasi. Tuttle aliomba kwanza aruhusiwe kumwandikia mkewe barua. Baba alimjibu kwamba mkewe ataandikiwa na jeshi. Alipofika hapo kwenye kisa alimgeukia mke wa jaji, kisu mkononi, akamuuliza kama anapendelea paja au kidari. Yule mama alisema hana njaa. Baba alicheka, akampa paja.

Farasi wake mweusi alipokufa, alimchongea jiwe la kaburi lenye jina na tarehe. Kule kwenye kinu cha Haldane, palipopiganwa vita ile, wamelala wanaume mia nne na kumi wa kikosi chake, na hakurudi hata siku moja kuwatazama. Sitamnyima haki yake: risasi hakuziogopa, wote waliokuwa naye wanasema hivyo. Kitu kimoja tu alikiogopa, kuonekana amekosea.

Sijui kama unamkumbuka Obed Trask, sajini wa askari wa miguu, ambaye sasa anatunza daraja la chini. Mkono wake wa kulia ulibaki kwenye kijito cha pale kinuni. Kila mwaka, tarehe ya vita ile, alikuja langoni kwetu amevaa koti lake la jeshi, akaita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, “Jenerali, mkono wangu umeshauona? Nilikuachia tangu mwaka wa sitini na tatu.”

Baba alikuwa akijibu kutoka barazani bila kushusha gazeti. “Trask, hata ungekuwa na mikono minne ungebaki mvivu vilevile.”

Ulikuwa kama mchezo wao. Lakini mwaka mmoja Obed aliongeza, “Na yule mwanao je, hujamwona? Au mlikimbia kila mtu na njia yake?” Baba alilikunja gazeti taratibu, akaingia ndani, na kabla ya chakula cha mchana sherifu alikuwa amemwondoa Obed barabarani.

Unajua mwenyewe walivyokuwa wakimwita, Ibrahimu wa Ohio. Baba aliyemtoa mwanawe kwa ajili ya nchi. Watoto wa shule walifundishwa habari hiyo wakiwa wamesimama wima: jinsi luteni kijana alivyoondoa mizinga yake kilimani bila amri, jinsi wenzake waliokuwa wakivuka kijito walivyouawa ovyo kwa kukosa wa kuwakinga, na jinsi Jenerali alivyokwenda mbele ya mahakama ya kijeshi akatoa ushahidi dhidi ya damu yake mwenyewe bila kutetemeka sauti. Nyota yake ya pili aliipata mwezi uleule. Wewe ulivuliwa cheo na kufukuzwa jeshini, na ukaenda mbali kadiri nchi hii inavyoruhusu mtu kwenda.

Ulisema mbele ya wale maofisa kwamba amri uliletewa na mpambe wake, Kapteni Lorimer, naye Lorimer akauawa kabla ya saa moja kupita. Ulisema amri ilikuwa ya maandishi, na kwamba karatasi ulimkabidhi Baba siku moja kabla ya kesi, kwa sababu alikuambia, “Nipe nikutunzie, mwanangu.” Walipomuuliza, alisema hajawahi kuiona karatasi ya namna hiyo. Yote haya unayajua. Nayaandika tu ili angalau mara moja yawe yameandikwa kwa mwandiko wangu.

Kwa sababu mwandiko wangu umeandika mengine. Vipupwe viwili hivi vya mwisho alikuwa ananitajia maneno ya kitabu cha maisha yake, nami naandika. Alitembea huku na huku na fimbo yake, akijisifu kwa sauti ya kutoa amri. Mwezi wa Februari tukafika kwenye sura ya kinu cha Haldane. Akasema, nami nikaandika: “Luteni Vandermark, bila amri ya mkubwa yeyote, aliondoa mizinga.” Hapo kalamu yangu ikasimama.

Nikamwambia, “Baba, amri uliitoa wewe. Iko kwenye mtoto wa meza yako, chini ya bastola.”

Hakushtuka. Aliniuliza tangu lini nimeanza kupekua vitu vyake. Sikumjibu. Akaketi, jambo ambalo hakulifanya kamwe akiwa ananitajia maneno, akaniambia kwa upole nisiomzoea nao, “Drusilla, siku ile walikufa watu mia nne na kumi. Watu wengi hivyo hawafi bila kupatikana wa kulaumiwa. Nchi ilikuwa bado inanihitaji mimi. Lemuel ilikuwa haimhitaji.” Kisha akasema, “Andika.”

Na nikaandika, kaka. Nikaimaliza sura yote. Wiki tatu baadaye akawa amekufa.

Mazishi yalikuwa makubwa. Ngoma za jeshi, bendera, watu kutoka Columbus. Mchungaji Ives alihubiri habari za Ibrahimu na Isaka, akaniangalia pale aliposema kwamba nyumba hii ilitoa zaidi ya nyumba zote. Nilishusha utaji wangu usoni. Obed Trask alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia kichwani, na hakuna aliyethubutu kumwambia aivue.

Siku ya pili yake niliitoa ile karatasi, nikatembea mpaka kwake darajani. Obed hasomi vizuri, nikamsomea. Ni maneno machache: “Luteni Vandermark. Ondoa mizinga yote minne kilimani mara moja, uilete barabara ya kinu. Usingoje askari wamalize kuvuka.” Chini yake jina la Baba, kwa mkono wake. Obed akaniomba nimsomee tena.

“Miaka ishirini nimemtukana kijana wa watu,” akasema. “Kila asubuhi nikishindwa na kifungo cha shati, namtaja yeye. Huyu mzee nilimchukia kwa ukali wake tu. Mkono wangu nilimdai mwanawe.”

Kisha akanigeukia. “Na wewe, bibie, hii umeijua tangu lini?”

Nikamwambia nimeikuta baada ya mazishi, nilipokuwa napanga vitu vyake. Aliniamini. Alinishika mkono kwa mkono wake mmoja akaniambia mimi ni mwanamke jasiri.

Tangu siku hiyo mambo yamekwenda mbio. Obed aliwakusanya watatu kati ya wenzake waliosalia, tukaenda wote kwa jaji. Karatasi ikanakiliwa na wote wakaapa kwamba ule ni mwandiko wa Jenerali, nayo nakala ikapelekwa Washington pamoja na ombi kwamba hukumu yako ifutwe. Gazeti la mji liliandika. Kamati iliyotaka kumsimamishia Baba sanamu imesema itaahirisha kikao chake. Mchungaji Ives hanisalimu, na mtu, simjui ni nani, ametupa tope kwenye madirisha ya mbele. Kitabu hakitachapishwa, maana zile kurasa nimekwisha kuzitia motoni jikoni, zote, hata zile zenye ukweli kidogo. Karatasi yenyewe ya amri, jaji alitaka ibaki kwake. Obed alikataa. Alisema, “Wakubwa wa Washington watatosheka na nakala. Hii kuna mtu aliipoteza, arudishiwe.” Kwa hiyo imo ndani ya bahasha hii.

Ningeweza kuishia hapo, na ungenishukuru. Nimekaa siku nne na barua hii nikitamani kuishia hapo. Lakini watu wawili wameniuliza tangu lini, na wote wawili sikuwapa jibu la kweli. Nakupa wewe.

Niliiona karatasi hiyo mwaka wa sitini na sita, mwezi wa Mei. Nilikuwa natafuta nta ya kufungia barua, na barua yenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nakuandikia wewe. Niliisoma nimesimama. Nikairudisha chini ya bastola. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na Rufus Penhallow alikuwa anakuja kwetu kila Alhamisi, akifurahia kukaa na Jenerali kama alivyofurahia kukaa nami, labda zaidi. Nikajiambia nitasema tukishaoana. Rufus akaoa mwanamke wa Cleveland. Nikajiambia nitasema Mama akipata nafuu.

Mama hakupata nafuu. Novemba ya mwaka uliofuata, siku tano kabla hajafa, Baba akiwa Columbus, aliniambia nifunge mlango nikae kitandani karibu naye. Tangu kesi yako alikuwa hajawahi kuliuliza jambo lile. Akaniuliza mara hiyo moja tu. “Drusilla, mwanangu, hivi ni kweli Lemuel alikimbia?”

Karatasi ilikuwa chini, ngazi kumi na mbili. Nyumba nzima tulikuwa wawili na Hepzibah. Hakuna aliyenishikia bunduki, kaka. Nikamwambia, “Ndiyo, Mama. Alikimbia.”

Akasema, “Basi,” akageukia ukutani.

Uliniandikia ukaniuliza kwa nini Mama hakuzijibu barua zako tatu za mwisho, nami nikakujibu kwamba vidole vyake havikuwa na nguvu ya kushika kalamu. Vidole vyake vilifuma soksi mpaka siku aliyokufa. Mbili za kwanza zilimkuta bado ana shaka, asijue ajibu nini; kisha mimi nilimfungia mlango wako, na barua ile ya tatu, iliyofika baada ya mimi kusema neno lile, niliiona mikononi mwake haijafunguliwa.

Nimejaribu miaka yote hii kumtia Baba katika chumba kile. Nimejiambia aliyesema ni hofu yake, kengele yake, kidole chake chenye vumbi. Hakuwamo. Nilisema ndiyo kwa sababu nikisema hapana ingenibidi nishuke ngazi na kuanza maisha mengine, nami sikutaka. Kisha nikamchukia Baba kwa bidii sana, na chuki ile ikanipa shughuli.

Sikuombi unisamehe. Ukiisoma barua hii ukaitupa, nitaelewa, na usiponiandikia tena sitakulaumu. Kesho nitashuka kwa Obed kumwambia kwamba nilimdanganya. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Nisalimie wifi Inga, na uwapakate Nels na Karin kwa niaba ya shangazi wasiyemjua. Hepzibah anakusalimu sana. Anasema alikuwa akikuombea siku zote, na hakuwahi kuuliza ulikimbia au hukukimbia. Jumapili, barabara ikikauka, nitakwenda kaburini kwa Mama, nimjibu upya.

Ni mimi, mdogo wako,

Drusilla Vandermark